Nyumba Aliyoachiwa Mtakatifu

Mahindi yalikuwa yamelowekwa kwenye maji ya chokaa tangu jana yake, na Polonia alikuwa amepiga magoti mbele ya jiwe la kusagia, akiyasaga huku mgongo ukimwaka moto. Baridi ya alfajiri ilikuwa imegandisha umande juu ya nyasi za uani, lakini yeye alikuwa akitokwa jasho. Wakubwa wa mji walikuwa wanakuja kukamilisha mirathi ya mama mkwe wake, na wakubwa hawakamilishi kitu na matumbo matupu. Mkono mtupu haulambwi, wahenga walisema, na ndimi za wakubwa wa mji ule zilikuwa zimezoea kulamba mikono iliyojaa.

Mahindi yenyewe alikuwa ameyanunua Ijumaa, katika soko la Toluca, kwa bei iliyomfanya amwombe mwuzaji airudie. Baridi ya mwaka ule ilikuwa imeunguza mashamba ya watu. Maghala yaliyobaki na kitu yalikuwa ya Wahispania, nao walikuwa wakipima kwa kibaba kidogo na tabasamu pana. Nyumbani Polonia na binti yake Tomasa walikuwa wakila mboga za mwituni na pilipili tangu mazishi. Mahindi haya yalikuwa ya wageni.

"Hodi, wa nyumbani."

"Karibu, dada. Pita, moto uko huku."

Aliyeingia alikuwa Marta Sabina, jirani wa ukuta kwa ukuta, amebeba kigae chake cha kuokea mikate maana cha Polonia kilikuwa na ufa. Alifunua chungu kilichokuwa jikoni, akachungulia, akafunika tena taratibu.

"Bata mzinga mzima. Umempata wapi wewe?"

"Kwa mke wa mpiga kengele. Nimempa vazi langu la harusi."

"Kwa hiyo leo don Ambrosio anaila harusi yako."

"Aile tu. Akishiba anishike mkono, anizungushe hizi pembe nne, nilale nikijua nimelala kwangu."

Marta Sabina alicheka, akakaa kando ya moto, akaanza kupigapiga mikate viganjani. "Yule mzee akishiba hainuki. Itabidi umzungushe wewe."

Mtu akiachiwa nyumba katika mji ule, karatasi peke yake haitoshi. Wakubwa humshika mkono mbele ya majirani, wakamtembeza pembe zote nne, akarusha jiwe kila upande, ndipo nyumba ikawa yake machoni pa watu. Kisha wanakula. Asiyezungushwa ni mgeni tu, hata kama amezalia humo.

Polonia alikuwa amezalia humo. Aliletwa na Crispino, mtoto pekee wa Melchora, akiwa msichana. Mwaka ule ule Crispino alipanda mikonge safu mbili nyuma ya nyumba. Mkonge si mchicha. Unaupanda, unazaa watoto, unazika wazee, nao bado unajikusanya tu. Siku ikifika unaukata moyo, unaugema kutwa mara mbili kwa miezi michache, unakupa tembo kwa mitungi, halafu unakufa. Crispino hakuisubiri mikonge yake. Alichukuliwa kwa zamu ya kazi za lazima kwenda machimbo ya fedha, akarudi anakohoa damu, akafa Tomasa akiwa ndiyo kwanza anatambaa. Sasa mikonge ilikuwa imeiva. Polonia alikuwa ameukata moyo wa kwanza kwa mkono wake mwenyewe majuma machache kabla mama mkwe hajafa, na tembo lake lilikuwa likisifiwa hadi mtaa wa pili. Alichokitaka duniani ni hicho tu, avune alichopanda mumewe, na mtoto awe na paa ambalo hakuna mtu wa kumwambia atoke.

Na mtu wa kumwambia atoke alikuwepo. Matias, mtoto wa ndugu yake baba mkwe, alikuwa na nyumba yake yenye ukuta uliobonyea na mke mwenye maneno. Siku ya kumzika Crispino, udongo bado mbichi, alisema watu wakisikia, "Mwanamke aliyeletwa na mume huondoka na mume." Melchora alimkemea akanyamaza. Lakini Melchora alipougua, Matias akaanza kuja kila siku kumjulia hali, na kila akija alikuwa akiipima mikonge kwa macho.

Ndipo Polonia akapata wazo. Wengi mjini walikuwa wakifanya hivyo: kumwachia mtakatifu nyumba. Melchora alikuwa na sanamu ya Santa Katarina, ya mbao, ndogo kama mtoto mchanga, aliyoirithi kwa mama yake. Alasiri moja Polonia akimlisha uji alimwambia, "Mama, nyumba usiniachie mimi. Mwachie Santa Katarina. Mimi nitamfagilia tu. Matias ataninyang'anya mimi, lakini mtakatifu atamwogopa."

Kikongwe alikisukuma kijiko pembeni. "Ningekutaja wewe, mwanangu," alisema. "Wewe ndiye uliyenigeuza kitandani."

"Ukinitaja mimi nitapata kesi, mama."

Basi walipokuja mashahidi na Simon, karani wa mji, Melchora alisema kama alivyofundishwa. Polonia alikuwa amesimama kichwani pake akimpepea. Karani aliandika kila neno na kulisoma tena. Mwishoni kikongwe aliongeza jambo ambalo hawakulipanga, kwamba Polonia atamfagilia mtakatifu, yeye na watoto wake baada yake, na asiwepo mtu wa kuwaondoa. Polonia alilia kwa shukrani. Matias alikuwa mlangoni, kofia mkononi. Hakupinga hata neno moja. Alipiga ishara ya msalaba.

Hapo ndipo alipopaswa kushtuka. Matias hakuwa mtu wa kupoteza msalaba bure.

Walikuja jua likiwa limeshapanda. Mbele alitangulia don Ambrosio, msimamizi wa kanisa, na fimbo yake yenye msalaba wa fedha. Alikuwa mtu wa mji kama wao, mkulima mtoto wa mkulima, lakini fimbo ile ilikuwa imemkalisha karibu na padri kwa miaka mingi hata akaanza kutembea kama padri. Nyuma yake Simon na mfuko wake wa karatasi, kisha wazee wawili mashahidi, kisha Matias. Matias alikuwa amekoga. Polonia aliliona hilo.

"Amani ya Mungu iwe katika nyumba hii ya mama yetu Santa Katarina," alisema don Ambrosio.

"Na iwe kwenu, mzee. Karibuni, kaeni. Si pa kukaa watu kama ninyi, lakini ndipo tulipo."

"Tumekaa, binti yangu. Tusikusumbue. Tutaonja tu."

Walionja. Bata mzinga aliondoka na mchuzi wake wote wa pilipili, mikate iliondoka kwa marobota, na tembo lilizunguka hata mzee mmoja akaanza kuwalilia watu wa zamani. Don Ambrosio alinyoosha kibuyu kijazwe tena.

"Hili ni lenyewe," alisema. "Mikonge ya nani hii?"

"Ya marehemu mume wangu, mzee. Aliipanda mwaka tuliooana."

"Mgema usimsifu sana," alisema Matias akicheka, "kesho atalitia maji."

Tomasa alikuwa amejificha nyuma ya Marta Sabina, akihesabu mifupa iliyotupwa. Hakuna aliyekumbuka kumkatia nyama.

Walipojifuta midomo, Simon alitoa karatasi akasoma. Sauti yake ilikuwa ya puani, ya mtu anayesoma wosia kila juma tangu maradhi yaingie mjini. "Kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Leo, mwaka wa elfu moja mia sita sabini na nne, mimi Melchora Veronica, mjane, mwili wangu ni mgonjwa lakini akili yangu ni nzima…" Roho yake alimpa Mungu, mwili wake aliupa ardhi iliyoutoa. Kishamba chake cha mtoni kiuzwe kwa ajili ya misa na kengele, nacho kilikuwa kimeshauzwa. Jiwe la kusagia alimpa Polonia. "Na nyumba hii, na kiwanja chake, na kilichopandwa humo, namwachia mama yangu mpenzi Santa Katarina. Mkamwana wangu Polonia atamfagilia, yeye na watoto wake baada yake. Asiwepo mtu wa kuwaondoa."

"Amina," walisema wote.

Polonia alisimama, akafuta mikono kwenye sketi, akaunyoosha mkono wa kulia ushikwe.

Don Ambrosio hakuushika. Alikuwa akichokonoa meno. "Sasa," alisema, "mtakatifu hawezi kushika jembe. Anahitaji mtu wa kumsimamia mali yake. Nani msimamizi wa Santa Katarina?"

Polonia alidhani anatania. "Si mimi hapa, mzee? Mama amesema."

"Mama kasema ufagie. Simon, yapo mahali anaposema Polonia asimamie?"

Simon alipitisha kidole kwenye karatasi. "Atamfagilia," alisoma. "Ni hilo tu."

"Umeona, binti yangu. Msimamizi hukaa na wazee, hubeba mshumaa mkubwa siku ya maandamano, hujibu padri akiuliza. Umewahi kuona sketi kwenye benchi la wazee?" Wazee walicheka kidogo, kwa adabu. "Lazima awe mwanamume, na awe wa ukoo huu. Crispino angekuwepo, tusingeuliza. Crispino hayupo. Nimetafuta mwingine, nimemwona mmoja tu."

Matias aliinamisha kichwa kama bwana harusi.

Mkono wa Polonia bado ulikuwa hewani, aliushusha. Alielewa yote kwa mara moja, kuanzia kuoga kwa Matias hadi ule msalaba wa mlangoni. Mlango aliokuwa ameuziba kwa mtakatifu, mtakatifu mwenyewe ndiye aliyekuwa ufunguo wake.

"Mzee," alisema, "mama alimwachia mtakatifu nyumba kwa sababu ya huyu. Huyu huyu. Ili asiiguse."

"Marehemu tusimsemee. Hajaandika hivyo."

"Mimi nilikuwepo."

"Nami nilikuwepo, shemeji," alisema Matias kwa upole. "Ulikuwa unampepea. Uliongea naye sana siku zile. Nikasema moyoni, huyu mama ana bahati ya mkamwana. Kila neno analokosa, mkamwana analo."

Mzee mmoja alikohoa. Marta Sabina alitazama chini. Polonia aliona kwamba neno lingine moja tu lingemfanya awe mtu aliyemtia maneno mgonjwa mdomoni, na kwa hilo wangemtoa siku ile ile.

"Mikonge, basi," alisema. "Mikonge ni ya Crispino. Mtoto wake huyu hapa."

"Aliipanda kwenye kiwanja cha nani?" aliuliza don Ambrosio.

Polonia aliitazama karatasi mkononi mwa Simon.

"Kilichopandwa humo. Imeandikwa. Mtakatifu anahitaji mishumaa, anahitaji maua, anahitaji sikukuu yenye heshima. Utagema kama unavyogema, maana mkono wako ni mzuri. Tembo utamkabidhi Matias, yeye atauza, atamnunulia mtakatifu mahitaji yake, na kwa kinachobaki atawaangalia wewe na mtoto. Hutafukuzwa. Nani kakufukuza? Asiwepo mtu wa kuwaondoa. Hata mimi siwezi kukuondoa."

"Nikitaka kuondoka mwenyewe?"

Don Ambrosio alimtazama kwa masikitiko ya kweli, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Hakuwa mtu katili. Alikuwa mtu aliyekula vizuri. "Uende wapi, binti yangu? Mji gani utampokea mwanamke aliyelivunja neno la maiti na kumwacha mtakatifu kwenye vumbi? Watatuma kuuliza, nami nitajibu ukweli. Na hata wewe ukienda, mtoto anabaki. Yeye na watoto wake baada yake. Hilo neno alilitaka mwenyewe marehemu."

Tomasa alisikia anatajwa, akachungulia. Polonia alikumbuka alivyolia kwa shukrani neno lile lilipoandikwa, akatamani kujipiga kofi mbele ya watu.

"Nitakwenda kwa padri," alisema.

"Nenda. Mimi ndiye ninayemtafsiria."

Basi ikawa hivyo. Don Ambrosio alimshika Matias mkono. Lakini mwenye nyumba alikuwa mtakatifu, naye ilibidi azungushwe pia, kwa hiyo mtu wa kumfagilia aliambiwa ambebe. Polonia aliitoa Santa Katarina juu ya meza yake, akaipakata, akawafuata. Walipita pembe ya mapambazuko, pembe ya jikoni, pembe ya barabarani, na ya nyuma kwenye mikonge. Kila pembe Matias alirusha jiwe, na don Ambrosio akasema kwa sauti kwamba hakuna aliyepinga. Kwenye mikonge Matias alisimama kidogo, akaipapasa ile iliyofunguliwa, akaonja utomvu kwa kidole. Alikuwa na furaha ya mtu aliyefika nyumbani. Kufa kufaana.

Wakirudi uani, Marta Sabina alimsogelea don Ambrosio. Alikuwa mwanamke mwoga, ila siku ile alithubutu. "Mzee, mimi nyumba yangu niliachiwa na mama. Mbona mimi nilizungushwa mwenyewe?"

"Mama yako alikutaja wewe," alisema don Ambrosio. "Alisema, namwachia Marta Sabina. Melchora angesema, namwachia Polonia, leo tungemzungusha Polonia, tungekula, tungekwenda zetu. Matias angelalamika mwezi mmoja akachoka." Alipandisha mabega. "Walimtaja mtakatifu. Nani atamnyang'anya mtakatifu?"

Alisema hivyo bila ubaya wowote, kama mtu anayemweleza mwenzake kwa nini mvua imemnyeshea. Polonia alikuwa hatua mbili tu nyuma yake, sanamu kifuani, akasikia kila neno.

Simon alikaa kwenye kinu kilichopinduliwa, karatasi magotini, kufunga shughuli. Desturi ni kwamba aliyehusika na wosia huulizwa mbele ya mashahidi kama ameridhika, naye hulia kidogo na kuwashukuru wakubwa kwa kujisumbua.

"Matias, umeridhika?"

"Nimeridhika, na namshukuru Mungu na ninyi mabwana."

"Polonia, umeridhika?"

"Sijaridhika."

Simon aliinua macho, kwa mara ya kwanza siku ile akamtazama usoni.

"Ndiyo, lakini," alisema, "nimeshaandika."

"Umeandika nini?"

Alisoma, akijisikia vibaya. "Na Polonia aliyetajwa alilia, akasema ameridhika, akawashukuru wakubwa. Niliandika nyumbani kwangu asubuhi. Huwa wanasema hivyo wote."

"Futa."

"Wosia haufutwi, dada. Ukifutwa unaharibika wote, hata jiwe lako la kusagia linapotea. Na karatasi ndiyo hii moja, yenye muhuri. Nyingine inatoka Toluca." Alimtazama shavu. "Lakini kulia, umelia. Hilo si uongo."

Polonia alijigusa shavu. Kweli lilikuwa limelowa. Don Ambrosio akaweka alama yake, wazee wakaweka misalaba yao. Wanawake hawakuulizwa, na Simon akapuliza wino ukauke. Walipoondoka, msimamizi wa kanisa alirudi hatua kadhaa kumwambia kwamba mchuzi ulikuwa mzuri.

Matias hakuondoka. Alikaa mlangoni pa Santa Katarina akatuma mtu akamwite mkewe aje na mikeka. Watachukua chumba cha upande wa jua, alisema, kwa vile cha mtakatifu hakilaliki na cha jikoni wamekizoea kina Polonia.

"Shemeji," alisema, "tusiwe na kinyongo. Wewe ulitaka nyumba isiende mbali na ukoo, na haikwenda. Keshokutwa ni soko. Gema asubuhi na mapema, nichukue mitungi miwili."

"Nimesikia."

"Na hapa pafagiliwe. Mama yetu asilale kwenye mifupa."

Polonia aliirudisha sanamu mahali pake, akaiwekea maua. Hakuwa na hasira nayo. Walikuwa wameandikwa pamoja. Alipogeuka alimwona Tomasa ameshashika ufagio. Mtoto alikuwa ameuona uso wa mama yake akataka kumsaidia, basi akawa anazikusanya zile takataka za wakubwa kidogo kidogo, ulimi nje, kutoka mlangoni kuja kwa mtakatifu. Alikuwa akifanya vizuri. Watoto wa kike wa mji ule huanza kufundishwa kufagia kabla hawajajua kufunga nguo zao.

Mlangoni Matias alikuwa akitazama, ametulia. "Ahaa," alisema. "Kumbe yuko tayari."

Polonia alivuka chumba, akauchukua ufagio mikononi mwa binti yake. Hakuupokonya. Aliutoa kidole kwa kidole.

"Wewe hujui kufagia," alimwambia.

"Najua, mama. Si unaona?"

"Hujui. Mtu akikuuliza, sema hujui. Akikupa ufagio, uangushe. Umesikia?"

Tomasa alimtazama, kisha akamtazama Matias, akaona hacheki tena.

"Msichana asiyejua kufagia," alisema Matias, "nani atamwoa hapa mjini?"

"Hapa, hakuna," alisema Polonia.

Akainama, akaanza kufagia. Alifagia mifupa, makombo ya mikate yake, na udongo wa viatu vya wakubwa, taratibu, kwa mkono uliozoea. Mtoto alisimama ukutani, mikono nyuma, akajifunza kutojua.